Je, Yasuke anaweza kuwa Mmakua? Jibu kwa mwandishi wa riwaya kutoka Masasi

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Masasi, na bibi yangu mzaa mama ni Mmakua wa upande wa Msumbiji. Naandika riwaya ya Kiswahili juu ya Yasuke, yule Mwafrika aliyekuwa samurai wa Oda Nobunaga kule Japani. Nimemaliza sura tatu, nimekuambatishia. Kwangu, Yasuke ni askari wa Kimakua anayesafiri kwa hiari yake, anapanda cheo hadi kuwa jemadari, na mwishoni anakitorosha kichwa cha Nobunaga kisianguke mikononi mwa adui. Rafiki yangu anasema yote haya ni uongo wa mitandaoni, hata huo usamurai. Nani mkweli? Na mtunzi wa riwaya ya kihistoria ana ruhusa ya kutunga kiasi gani?"

Marahaba, mwanangu. Sura zako nimezisoma zote tatu, na ile ya pili, ya bandarini, nimeirudia. Una sikio la mazungumzo, na hilo hakuna darasa linalolitoa, kwa hiyo sitakujibu kwa mkato. Rafiki yako amekosea na wewe umekosea, kila mmoja kwa upande wake. Yeye anadhani kwa kuwa mengi yametungwa, basi hakuna kilichobaki. Wewe umekiacha kilichobaki ukaenda kuchukua kilichotungwa.

Tuanze na kilichopo. Yote yaliyoandikwa juu ya Yasuke na watu wa zama zake hayajazi kurasa chache za daftari la shule. Habari zenyewe zinaanza Machi 1581, alipofikishwa mjini Kyoto mbele ya Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu kuliko wote Japani, na zinakoma Juni 1582, Nobunaga alipokufa katika uasi wa jemadari wake, Akechi Mitsuhide. Ni miezi kumi na mitano tu. Alikuwa katika msafara wa padri Mwitaliano, Alessandro Valignano, mkaguzi wa Wajesuiti (shirika la mapadri wa Kikatoliki), aliyefika Japani mwaka 1579 kupitia bandari ya Kuchinotsu katika kisiwa cha Kyushu. Walioandika ni watu wa namna tatu. Kuna Ota Gyuichi, mpiga upinde wa Nobunaga ambaye uzeeni alikusanya habari za bwana wake katika kitabu kiitwacho Shincho Koki. Kuna Matsudaira Ietada, mtu wa Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga, naye alikuwa na shajara yake. Halafu kuna mapadri, hasa Luis Frois na Lourenço Mexia, waliokuwa wakituma barua kwa wakubwa wao.

Gyuichi anasema alikuja mtu mweusi kutoka nchi ya Wakristo, umri wake kama miaka 26 au 27, mwili mweusi kama wa ng'ombe, mwenye afya na nguvu za kuwashinda watu kumi. Mapadri wanasimulia jinsi watu wa Kyoto walivyofurika kanisani kumtazama, wakasukumana mpaka wengine wakaumia. Nobunaga hakuamini kwamba ile ni rangi yake ya kuzaliwa, akaamuru avue nguo mpaka kiunoni ajionee mwenyewe. Mpwa wake mmoja akampa yule mgeni sarafu elfu kumi. Mexia anaongeza kwamba alikuwa anakijua Kijapani kiasi, na Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye.

Sasa nataka tukae kidogo kwa Ietada, maana kwake ndiko kuliko na riwaya yako.

Ilikuwa siku ya 19 ya mwezi wa nne wa mwaka 1582 kwa kalenda yao. Nobunaga alikuwa anarudi kutoka vita vilivyoumaliza ukoo wa Takeda, akapita katika nchi ya Mikawa ambako Ietada alikuwa akimtumikia Ieyasu. Shajara ya Ietada kwa kawaida ni kavu: mvua imenyesha, ukuta umejengwa, fulani kafika. Siku hiyo anaandika kwamba bwana mkubwa alifuatana na mtu mweusi aliyetolewa na watu wa Deusi (yaani Mungu, kwa maana ya mapadri), ambaye bwana humpa posho. Mwili wake kama wino, kimo chake shaku sita na ushei, jina lake Yasuke. Shaku sita ni zaidi kidogo ya sentimita 180, katika nchi ambayo wanaume wengi wa siku zile hawakufika 160.

Watu wakisoma mstari huo hukimbilia wino na kimo. Wewe tazama vitenzi. Cha kwanza ni shinjo, kumtolea mkubwa kitu kama zawadi. Ndicho kitenzi ambacho mtu angekitumia kwa mwewe wa kuwindia au farasi mzuri. Cha pili ni fuchi, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi ninazozijua, kwa sababu fuchi ni posho. Kwa asili ni ule mgao wa mchele anaopewa mtu kwa sababu yumo katika nyumba ya bwana na anamtumikia. Babu zetu waliobeba mizigo ya misafara wangelielewa neno hilo bila mkalimani. Kwa hiyo katika mstari mmoja, mtu yuleyule ni kitu kilichotolewa kama zawadi na ni mtumishi anayelipwa. Ietada hakuona ajabu yoyote, akaandika akaendelea na mambo yake.

Ndiyo maana sura yako ya kwanza imenisumbua. Umemwandika kijana huru, anaaga wazee wake, anapanda jahazi kwenda kutafuta dunia. Ni sura nzuri, lakini imefuta kitenzi cha kwanza. Hakuna mwandishi wa zama zile anayesema Yasuke aliomba kazi kwa Nobunaga. Nobunaga alimtaka, na mapadri wakamtoa. Kabla ya hapo alikuwa mali ya mtu au mtumishi wa kulipwa, hilo hatuna karatasi ya kulikata, na waandishi wa leo wanalibishania kwa sauti kubwa. Kutolewa, hata hivyo, kumeandikwa. Najua kwa nini umeficha kutolewa huko. Unataka shujaa, na unaona aibu ya utumwa itamwangusha. Mimi naona kinyume. Mtu aliyetolewa kama zawadi mwezi Machi, na kufikia mwaka unaofuata ana posho, nyumba na silaha mbele ya bwana mkali kuliko wote nchini, huyo amepanda mlima ambao kijana wako huru hakuwahi kuuona.

Sasa, je, ni Mmakua? Naijua hamu yako, kwa maana hata mimi ningependa. Chanzo cha kwanza kumtaja kwa nchi yake ni François Solier, Mjesuiti wa Kifaransa, aliyechapisha historia yake mwaka 1627. Anasema alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Hesabu miaka: ni 45 baada ya Yasuke kutoweka, na Solier aliandika akiwa Ulaya. Hilo halimfanyi muongo. Wajesuiti walikuwa na barua zao na huenda alisoma kitu ambacho sisi hatujakiona. Ila ni shahidi wa mbali, na riwaya yako inapaswa kujua kwamba inaegemea fimbo moja. Isitoshe, "Msumbiji" kwa Mreno wa karne ya 16 ilikuwa kwanza kabisa kile kisiwa, Kisiwa cha Msumbiji, kituo cha merikebu zilizokuwa zikielekea Goa. Valignano mwenyewe alipita hapo mwaka 1574. Watu walioletwa kisiwani hapo walitoka pande nyingi za bara. Bara linalokitazama kisiwa lilikuwa na bado ni nchi ya Wamakua, kwa hiyo dhana yako inawezekana. Sema inawezekana, usivuke hapo. Wala usisahau kwamba Goa na bandari nyingine za India zilijaa Waafrika wakati ule, na hakuna aliyeandika ni bandari gani Yasuke alijiunga na msafara.

Kuna neno moja katika maandishi yale ambalo sisi watu wa pwani tunalisikia tofauti na wengine. Solier anasema alikuwa miongoni mwa wale waitwao hasa "Cafres". Neno hilo Wareno walilichukua kwa Waislamu wa pwani yetu. Ni lilelile kafiri la Kiarabu, walilowaita watu wa bara wasiokuwa katika dini yao. Ukilichukua kwa maana yake ya asili, mtu huyu hakuwa Mwislamu wa mji wa pwani. Lakini Wareno walikuwa wamekwisha kulilegeza, wakilitupia Mwafrika mweusi yeyote, kwa hiyo silijengei nyumba juu yake. Nakutajia kwa sababu katika sura ya pili umemfanya aswali alfajiri na kuitwa Isufu. Dhana ya kwamba "Yasuke" ni Isufu au Yusufu iliyopindishwa na ndimi za Kijapani imezagaa sana. Inapendeza masikioni, lakini Yasuke ni jina la Kijapani la kawaida kabisa, na kiishio cha -suke kimejaa katika majina ya wanaume wa kule. Nakala moja ya kitabu cha Gyuichi inasema waziwazi kwamba alipewa jina hilo. Basi hapa una uhuru mkubwa, ila chagua: akiwa Mmakua wa bara kama unavyotaka kwa ajili ya bibi, sala ya alfajiri inahitaji maelezo. Ukimfanya Mwislamu wa mwambao, Umakua ndio utakaohitaji maelezo. Umevibeba vyote viwili, na msomaji wa Mtwara atakukamata kabla ya Mjapani.

Tuje kwenye usamurai, maana ndipo ugomvi wenu ulipo. Hakuna kati ya mashahidi hawa wa zama zake aliyemwita samurai kwa neno hilo. Hilo rafiki yako amelipata. Ile nakala niliyoitaja, iliyohifadhiwa katika maktaba ya ukoo wa Maeda, inasema Nobunaga alimpa posho, nyumba yake mwenyewe na upanga mfupi wenye ala iliyopambwa, na kwamba mara nyingine alimbebesha vyombo vyake, neno ambalo wengine wanalisoma kuwa ni silaha zake. Nakala nyingine za kitabu hichohicho hazina mistari hiyo, na ni haki kulisema hilo. Tukiikubali, haya ni mambo ya mtumishi wa upanga wa nyumba kubwa.

Ugumu uko kwenye neno lenyewe. Samurai tunayemwona kichwani, wa tabaka lililofungwa kwa sheria, anayezaliwa humo na kufa humo, alikuwa bado hajakamilika mwaka 1582. Amri ya kuwanyang'anya wakulima silaha ilitoka mwaka 1588, na ya kuwazuia watu wa jeshi, wakulima na watu wa mijini wasihame hali zao ilitoka 1591. Aliyezitoa ni Toyotomi Hideyoshi, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa watu wa chini kijijini aliyeingia kwa Nobunaga kama mtumishi mdogo, kisha akaitawala Japani nzima. Nyumba ya Nobunaga ilikuwa na mlango mpana. Kwa hiyo ukiandika "samurai wa Nobunaga" mimi sitagombana nawe. Ukiandika "jemadari" nitakataa, kwa sababu hakuna anayesema aliongoza hata watu watano. Mexia anataja kwamba watu walikuwa wakisema Nobunaga atamfanya tono, yaani bwana mwenye eneo. Padri mwenyewe ameandika kwamba ni maneno ya watu. Tia tetesi hiyo kinywani mwa muuza samaki wa Kyoto, itakaa vizuri. Usiitie katika maelezo ya msimulizi.

Na kichwa? Hadithi ya kwamba Nobunaga, akiwa anaungua ndani ya hekalu la Honnoji, alimkabidhi Yasuke kichwa na upanga ampelekee mwanawe, haimo kwa Gyuichi, haimo kwa mapadri, haimo kwa yeyote wa zama zile. Mwili wa Nobunaga haukupatikana, na pengo kama hilo huwa halikai tupu. Wasimulizi wa baadaye walilijaza. Gyuichi, kuhusu dakika zile za mwisho, anategemea wanawake wa nyumbani waliokuwepo: Nobunaga alipiga upinde, kisha akashika mkuki, akajeruhiwa kiwikoni, akawaambia wanawake watoke, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Wanawake wale hawakuona zaidi ya mlango uliofungwa, na sisi hatuoni zaidi yao.

Ila Frois ameandika jambo jingine, na nimeshangaa kwamba umeliruka. Anasema baada ya Nobunaga kufa, yule mtu mweusi alikwenda kwenye nyumba ya mrithi, Nobutada, akapigana pale kwa muda mrefu. Kisha mtu mmoja wa Akechi Mitsuhide, yule aliyeasi, akamsogelea akamwambia asiogope, atoe upanga. Naye akautoa. Wakamuuliza Akechi wamfanye nini. Akechi akajibu kwamba huyu ni kama mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani. Msimwue, mpelekeni kanisani kwa mapadri.

Soma tena polepole. Bwana wake amekufa, naye anaweza kukimbia. Anakimbilia penye vita, kwa mtoto wa bwana. Anapigana mpaka vita vinakwisha. Anaambiwa asiogope. Anatoa upanga, na kinachomwokoa ni tusi. Je, alilisikia? Kijapani alikijua kiasi, hilo tumeambiwa. Je, usiku ule alilala? Mlango wa kanisa ulipofungwa nyuma yake alikuwa tena mikononi mwa watu waliomtoa mwaka mmoja uliopita. Hapo maandishi yananyamaza: hatusikii kifo chake, wala merikebu aliyopanda, wala kaburi. Na wewe umeyafuta haya yote ili mtu akimbie gizani na kichwa kwenye kitambaa, jambo ambalo wengine wamekwisha kuliandika kabla yako!

Nakuonya juu ya nguvu ya kitu kilichotungwa vizuri, na mfano wake ni Miyamoto Musashi, mpiga upanga maarufu wa Japani. Karibu kila mtu anayemjua anakijua kisa cha mwaka 1612 katika kisiwa kidogo cha Funajima: Musashi alichelewa makusudi, akamwacha mpinzani wake, Kojiro, akichemka kwa hasira ufukweni, kisha akampiga kwa fimbo aliyoichonga kutokana na kasia. Sasa nenda kwenye jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mjini Kokura mwaka 1654 na Iori, mtoto aliyelelewa na Musashi mwenyewe. Linasema mashujaa wawili walifika kwa wakati mmoja. Mpinzani anaitwa Ganryu tu, bila hilo jina la Sasaki alilokuja kubandikwa baadaye. Kuchelewa kunajitokeza katika maandishi ya karne ya 18, wakati majukwaa ya maigizo yalikuwa yamekwisha kukila kisa hicho na kukitapika upya. Musashi alipoandika kitabu chake cha mapigano, miaka ya mwisho ya uhai wake, alijisifu kwa mapambano zaidi ya 60 kabla hajafika miaka 30, na hakukitaja kisiwa hicho wala mtu huyo. Kisha Yoshikawa Eiji akaja na riwaya yake iliyotoka gazetini sehemu kwa sehemu kuanzia 1935 hadi 1939. Humo akamzulia Musashi mchumba, Otsu, ambaye hakuwahi kuishi. Akamkutanisha pia na mtawa Takuan, ambaye aliishi kweli lakini hakuna ushahidi kwamba walijuana. Yoshikawa ni mtunzi mkubwa na sina neno naye. Nasema tu kwamba leo mamilioni ya watu wanakumbuka riwaya wakidhani wanakumbuka historia. Musashi anaweza kuhimili, kwa kuwa ana jiwe, ana kitabu, ana michoro yake mwenyewe. Yasuke ana mistari michache. Ukimwaga rangi nyingi juu yake, haonekani tena.

Kuna madogo pia, na kwa msomaji makini madogo ndiyo yanayovunja imani. Sura yako ya tatu inaanza: "Mwezi mpevu ulimulika mapaa ya Honnoji." Sentensi tamu, lakini haiwezekani. Shambulio lilikuwa alfajiri ya siku ya pili ya mwezi wa sita. Kalenda yao wakati ule ilifuata mwezi wa mbinguni, kama yetu ya kuhesabia mfungo, na waliendelea nayo mpaka walipoingia ile ya Ulaya mwanzoni mwa 1873. Wewe umekulia mahali ambapo watu hupanda juu ya paa kutafuta mwandamo, kwa hiyo huhitaji kuambiwa mwezi wa siku ya pili ukoje usiku wa manane: haupo. Lilikuwa giza. Jeshi la Akechi, watu wapata 13,000, lilitembea gizani. Ukiandika giza hilo, na sauti za miguu ndani yake, utapata sura bora kuliko ya mbalamwezi.

Halafu picha za Honnoji ulizozitumia kuelezea lango ni za hekalu la leo, ambalo lilihamishiwa mahali pengine baada ya moto. Penyewe, nilipokwenda Kyoto, nilikuta jiwe la kumbukumbu pembeni mwa mtaa wa kawaida, baiskeli zinapita. Azuchi nako, kwenye ngome ya Nobunaga, usidanganywe na mashamba yanayoizunguka sasa; enzi zake maji ya ziwa Biwa yalifika mpaka chini ya kilima, na mtu aliyezaliwa mwambaoni angeyasikia kwanza kabla ya kuona chochote.

Nobunaga usimwite shogun, cheo cha mtawala wa kijeshi wa nchi nzima. Hakuwahi kuwa. Yeye ndiye aliyemfukuza Kyoto shogun wa mwisho wa ukoo wa Ashikaga mwaka 1573, na cheo hicho hakukichukua. Hotuba ndefu juu ya "bushido", maadili ya samurai, uliyomwekea mzee wa ngome nayo iondoe. Sheria hiyo safi, yenye maadili saba au nane ya kukariri, inatoka zaidi katika kitabu ambacho Nitobe Inazo alikichapisha kwa Kiingereza mwaka 1900 kuwaeleza watu wa nje. Watu wa 1582 walibadilisha mabwana, waliasi, walijadiliana bei. Akechi alikuwa mmoja wao, na hakuonekana kwa wenzake kama kiumbe kutoka sayari nyingine.

Na jingine ambalo utalielewa haraka kuliko mwandishi wa Ulaya: majina. Wahusika wako wote wanamwita bwana "Nobunaga" usoni. Jina hilo la ndani halikutajwa ovyo mbele ya mwenyewe. Ietada katika shajara yake, akiwa peke yake na brashi yake, anamwandika Uesama, yaani yule wa juu. Wewe unamwita mama mkwe wako kwa jina lake? Baba yako anaitwa na majirani kwa jina alilopewa utotoni, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza? Basi Yasuke, akitoka kwetu, hilo lingekuwa jambo la kwanza kulizoea pale ugenini bila kufundishwa. Hakuna hati inayosema hivyo. Ni utunzi, na ni utunzi ninaoupenda, kwa sababu haumng'oi mtu mahali pake.

Hapo ndipo jibu langu kwa swali lako la mwisho lilipo. Penye ukimya, tunga bila woga: mama yake, lugha ya ndoto zake, alichokula melini, aliyemfundisha kufunga mshipi wa kimono. Hakuna atakayekuja na karatasi kukupinga, na watu wa zama zile hawakujishughulisha kuuliza, kwa hiyo ni deni lao wewe unalilipa. Penye neno lililoandikwa, usipite juu yake. Waweza kulitilia shaka, waweza kumfanya Frois aonekane padri mwenye haja zake (na alikuwa nazo, kwa maana barua zake zilitafuta fedha na sifa za misheni), lakini lazima neno hilo liwepo ukurasani kwa namna fulani. Na penye kisa cha watu wa baadaye, kama hicho cha kichwa, ukikitaka sana, kiweke kinywani mwa msimulizi wa baadaye. Mzee wa jukwaani Kyoto, miaka hamsini baadaye, anawasimulia watoto, na mmoja anamuuliza alijuaje. Hivyo utakuwa nacho bila kudanganya mtu. Mwishoni mwa kitabu andika ukurasa mmoja wa mtunzi, useme kipi kiko kwenye hati na kipi ni chako. Umakua wa Yasuke uandike hapo kwa jina la bibi yako kama unataka: kwamba umemfanya Mmakua kwa ajili yake. Hakuna mwanahistoria mwenye roho nzuri atakayekulaumu.

Rafiki yako mwambie mtu huyu aliishi, alionekana na adui na rafiki, na waliomwona waliandika kila mmoja kwa lugha yake bila kushauriana. Watu wengi wa enzi zile, Wajapani kwa Waafrika, hawana hata hilo.

Sura ya kwanza ningependa uiandike upya kabla hujaendelea. Anza Kyoto, siku ile ya Machi, wakati amri ya kuvua nguo inatolewa na chumba kizima kinanyamaza kumtazama. Wote waliosimulia siku hiyo walikuwa wamesimama upande wa kutazama. Andika kutoka upande wa pili, kurasa tatu tu, na uniletee.